Kazi Niliyompa Baba

Al Mansoura, Doha
15 Machi 2009

Mama mpendwa,

Habari za nyumbani, na miguu inaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka. Hoteli imejaa, nasafisha vyumba kumi na sita kwa siku.

Mawakili wa kesi ya bomu la 1998 lililomuua baba pale Nairobi wanaandikisha watu. Sheria ya Marekani sasa inawaruhusu waliofanya kazi ubalozini, hata Wakenya, na familia zao, waishtaki nchi inayodaiwa kuwasaidia magaidi. Fomu nimeichapisha kwenye saiba ya intaneti, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Penye kazi ya baba nimeandika: fundi bomba, ubalozini. Nani atakumbuka? Wakikupigia, kubali tu.

Binti yako,
Damaris


Kangemi
20 Aprili 2009

Damaris mwanangu,

Nakusalimu sana. Miguu ni ileile.

Baba yako alikuwa fundi cherehani. Ijumaa ile alienda mjini kununua zipu, akawa anangoja basi kando ya lile jengo. Ubalozini hakuwahi kuingia hata kuuliza saa. Kama sheria haimtaki mtu wa barabarani, ubaya ni wa sheria. Sisi tusimwajiri marehemu.

Aliyefanya kazi pale ni Reuben, mume wa jirani yetu Hannah, mlinzi wa lango. Hannah ameniomba niwe shahidi wake, maana ni mimi niliyemtambua Reuben mochari, yeye miguu ilipokataa kuingia. Hiyo fomu ichane, tafadhali.

Mama yako


Doha
9 Mei 2009

Mama,

Salamu. Umechelewa, fomu ilienda tangu Machi. Baba na Reuben walilala mochari moja, lakini mmoja ana kesi na mwingine hana. Bomu liliuliza nani ameajiriwa? Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya siku ile. Nisaidie, au unyamaze.

Damaris


Kangemi
11 Novemba 2010

Damaris,

U mzima? Mwaka na nusu sasa, sijui hata kama unaumwa.

Jana nilitoa ushahidi wa Hannah katika chumba cha hoteli mjini, kamera mbele yangu. Niliapa. Nikaeleza nilivyomjua Reuben kwa kovu la kidevuni. Ndipo mmoja wa mawakili wale wale uliowatumia fomu akatoa karatasi.

"Mama, hapa imeandikwa mume wako naye alikuwa fundi bomba pale. Ni kweli?"

Hannah alikuwa ananitazama. Ningekubali na uongo ukajulikana, hata neno langu juu ya Reuben lingetupwa.

"Si kweli," nikasema.

"Nani ameandika?"

"Binti yangu."

"Alikosea?"

"Hapana. Alidanganya."

Wakataka jina lako. Nikalitaja lote. Nilirudi nyumbani nikalala bila kula. Hannah alinishika mkono njia nzima, na mimi sikutaka kushikwa.

Mama yako


Al Mansoura, Doha
4 Desemba 2011

Mama,

Natumaini bado unatembea mwenyewe. Barua yako nimekaa nayo mwaka mzima. Kila nilipoanza kujibu niliandika hasira, nikatupa. Siku hizi hasira yenyewe imechoka.

Nimesikia mahakama imewakubalia akina Anti Hannah. Nilifurahi, kisha nikalia chooni kazini, msimamizi akigonga mlango. Baba bado hayumo kwenye hukumu yoyote, na hilo sijalisamehe. Lakini ulilosema lilikuwa kweli.

Nimepewa likizo. Nitafika Jumapili ya tarehe kumi na nane. Usije uwanja wa ndege. Nitapitia kwanza kwa Anti Hannah, nimwambie mwenyewe jinsi nilivyokaribia kumharibia. Akinifukuza, nitakuja kwako na begi langu, na wewe utaamua.

Mwanao,
Damaris