Heti Amekuja: Mwaka Mmoja Bila Gires Bahizire

Gires, Novemba imerudi, na mwaka umetimia tangu uanguke pale kituo cha basi cha Tooting Broadway ukiwa na gazeti lako kwapani. Bado hatujazoea. Kiti chako cha karibu na dirisha hakuna anayekikalia. Binti yako Gloire akirudi kutoka shule anakizunguka ili asikiguse, kisha anakwenda kufanyia kazi zake za shule jikoni.

Ulikuwa mpole, lakini tusikupambe: ulikuwa pia mbishi kupita kiasi. Ulitoka Bukavu ukaenda kusomea uchumi Budapest, ukarudi nyumbani ukafundisha, na vita vilipokuleta London na mkeo na mtoto mwaka 1998, hukuacha kufundisha. Kila aliyekaa karibu nawe kanisani alielezwa kwa nini bei ya mkate inapanda, atake asitake. Alfajiri ulikuwa ukisafisha ofisi za watu wanaofanya kazi uliyoisomea wewe. Siku moja uliona wamekosea ubaoni, ukachukua kalamu yao ukasahihisha, na msimamizi akakuonya kwamba umeajiriwa kufuta meza. Ulitusimulia huku ukicheka mpaka ukatoka machozi. Mkeo Léocadie peke yake ndiye hakucheka.

Jumamosi ilikuwa siku yako. Ulikwenda dukani kwa Jaswant, Singasinga wa Kisumu anayeuza magazeti, kuchukua lile gazeti la Budapest la kila wiki, la uchumi na siasa, ambalo alikuagizia wewe peke yako. Ulianza kulisoma ukiwa mwanafunzi. Ulilisoma na rula chini ya mstari, huku ukizicheka picha za jaladani zilizowakejeli wakubwa wa huko. Jaladani palikuwa na herufi kubwa chache tu. Jina lake refu liliandikwa ndani kwa maandishi madogo, na lilianza na neno Heti, yaani la kila wiki. Hilo ndilo jina mlilolitumia wewe na Jaswant. Nyumbani uliliita gazeti, basi.

Sasa Jaswant na utani wake. Alikuwa akisimama mlangoni na kupaza sauti barabara nzima isikie: "Mzee Gires! Heti amekuja! Leo amevaa nyekundu, wacha tu!" Nawe ulikuwa ukimjibu kutoka ng'ambo: "Mwambie aningoje, nakuja mbio!"

Mngesema "limekuja", kama gazeti linavyostahili, Léocadie angepita zake na mfuko wake wa ndizi. Lakini alisikia "amekuja", akasikia na "amevaa", akarudi nyumbani. Alijua uliishi miaka mitano Budapest kabla yake, na kwamba hukupenda kuisimulia sana. Akajumlisha. Huyo mwanamke amemfuata mume wangu mpaka Tooting.

Hakukuuliza, unamjua mkeo, akiumia anafunga mdomo na kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Alimwuliza Agathe wa kwaya. "Ule Heti iko nani? Kila Samedi anamungojaka bwana yangu!" Agathe akatikisa kichwa. "Njo vile wanaume wanakuwaka, mama. Omba tu." Akaomba.

Siku hizo kesi yenu ya kuomba hifadhi ilikuwa inakaribia. Ilisimama juu ya jambo moja: kwamba wewe kweli ni yule mwalimu wa uchumi aliyesema redioni dhahabu yetu inakwenda wapi, na ukirudishwa utauawa. Maofisa wa uhamiaji hawakuamini. Vyeti vyako viliungua pamoja na nyumba. Chuo chako kilikuwa kimebadilishwa jina, na barua zako hazikujibiwa. Ndipo ukakumbuka kwamba mwaka 1988 gazeti lile lilichapisha picha ya mdahalo chuoni, wewe umesimama unauliza swali, na jina lako na masomo yako yakiwa chini ya picha. Ukawaandikia, ukiwaomba huo ukurasa mmoja. Ulimwambia Jaswant tu. Mkeo hukumwambia, kwa sababu hukutaka kumpa tumaini ambalo lingeweza kuvunjika. Tunakulaumu kidogo kwa hilo, Gires, samahani. Kila jioni ulivua viatu na kuuliza, "Hakuna barua?" Na yeye akaisikia hamu iliyokuwa katika sauti yako, akadhani anajua ni hamu ya nani.

Bahasha ilifika Februari 2001. Stempu ya Hungaria, mwandiko wa kike, wino wa buluu, na kwenye pembe limechapwa jina refu lililoanza na Heti. Léocadie alisimama nayo mlangoni mpaka mguu ukafa ganzi. Hakuifungua, maana hakutaka kujua. Hakuichana, maana alitaka siku moja akutupie usoni. Akaiweka chini kabisa ya sanduku la vitenge, akalisukuma sanduku chini ya kitanda chenu. Jioni ukauliza kama kawaida yako.

"Hakuna," akasema. "Uko nangoja ya nani?"

"Ya kazi tu, Mama Gloire," ukajibu, ukaenda kunawa.

Wiki tano baadaye ulisimama mbele ya hakimu mikono mitupu. Léocadie alikuwa nyuma yako, amevaa kitenge kilichotoka katika sanduku lilelile. Ulieleza vizuri sana, ukaelezea mno, kama tabia yako. Wakaandika kwamba hakuna ushahidi hata mmoja. Ukakata rufaa, ikakataliwa, kazi ukaachishwa.

Baada ya hapo hukubishana tena na mtu. Huo ulikuwa msiba wa kwanza, na hatukuutambua. Agathe alisema jambo la kipuuzi kuhusu bei ya nyumba, nasi sote tukakugeukia tukingoja, ukanyamaza. Hata gazeti ulikuwa ukilifungua na kubaki ukurasa mmoja saa nzima, rula haisogei. Daktari aliiita hali hiyo presha. Sisi hatuna jina lake.

Siku ya mazishi Léocadie alilivuta sanduku ili atoe kitenge cheusi. Gloire, wa miaka kumi na moja, alikuwa akimsaidia kukunja vingine. Akaiona bahasha. "Mummy, this is for Papa," akasema. "Why is it in here?" Akaifungua mwenyewe.

Ulikuwa humo ndani, Gires. Mwembamba, umevaa tai pana, umeinua mkono, na jina lako lote limechapwa chini yako. Jaswant akamleta mteja wake mmoja, mzee wa Kihungari, atusomee barua. Mama mmoja wa maktaba yao anaomba radhi kwa kuchelewa. Alipekua majalada majuma matatu. Anasema kama mahakama itataka gazeti zima lenye mhuri, umjulishe, atalituma wiki hiyohiyo.

"Lakini, Mama," Jaswant akauliza, "kwa nini hukumpa?"

"Ilitoka kwa Heti," Léocadie akasema. "Ule bibi yake wa Hongrie."

Jaswant alikaa chini juu ya furushi la magazeti yako ya zamani. "Mama, Heti si mtu. Ni hili gazeti. Mimi ndiye nilikuwa nafanya mzaha."

Wakili anasema ule ukurasa ungetosha. Léocadie alimwomba arudie, akarudia. Léocadie haombi kufarijiwa. Yeye ndiye aliyetaka haya yote yaandikwe hapa, watu wayasome, kwa kuwa kwako amechelewa kuyasema. Hukuwa na mwanamke mwingine. Ulikuwa na sisi tu.

Kesi imefunguliwa upya kwa jina lake na la Gloire, na itasikilizwa Januari. Wakili ameshamwonya kwamba wataanza kwa kuuliza ukurasa huu ulikuwa wapi mara ya kwanza, na kwamba huenda jibu lake likamharibia. Amekataa kutafuta jibu jingine. Atasema ulikuwa nyumbani kwake, chini ya kitanda, na mume wake alilala juu yake miezi tisa.

Jumamosi bado anakwenda dukani. Jaswant siku hizi hapazi sauti. Léocadie anasimama mbele ya meza, anauliza taratibu kama ulivyokuwa ukiuliza wewe, "Heti amekuja?" na Jaswant anampa gazeti ambalo hawezi kusoma hata neno moja, ila hilo la kwanza.

Unakumbukwa na mkeo Léocadie, binti yako Gloire, mdogo wako Pacifique aliyeko Bukavu, Agathe na kwaya nzima, na rafiki yako Jaswant. Hutatutoka moyoni, Gires. Utusamehe.