Zile Sekunde za Mwanzo

Sele,

Mwenzio bado sijielewi. Tulikuwa tunabishana nani akanunue chapati, ukasema ngoja nijilaze kidogo. Mtu anajilaza kidogo halafu ndiyo moja kwa moja? Udongo nimeutia kwa mkono wangu, na bado nikisikia pikipiki nageuka nikuulize umechelewa wapi.

Wiki iliyopita mama yako kaja dukani. Nikamwamkia, marahaba yenyewe hakuimaliza. Kasema, "Mwanangu, nitafutie sura yake niione."

Nikaona kazi ndogo hiyo, harusi zote za hapa Masoko si tumepiga video sisi. Nikawasha kompyuta yetu, ile inayonguruma kama mashine ya kusaga, nikafungua video moja baada ya nyingine. Sele, wewe hata moja humo. Kile kikamera ulikuwa unakifunga kichwani, basi wameonekana maharusi, wapishi, mpaka yule mbuzi aliyekula keki. Wewe nimeona mikono tu. Na kupigwa picha ulikuwa hutaki, "mpiga picha hapigwi." Ya kitambulisho mama kaikataa, anasema ule ni uso wa mtu anayetafutwa na polisi.

Nikakumbuka kadi bado imo kwenye kamera, ile harusi ya Kiranjeranje ambayo hatujaigusa. Nikaichomeka, video zikaanza kuingia kwenye kompyuta, mstari unasogea kama kobe. Nikafungua ya kwanza niikate pale mwanzo, kama kawaida yangu.

Uso wako, kioo kizima. Pua, ndevu, jicho moja umelifumba, unachungulia kama taa nyekundu ya kamera imewaka. "Inarekodi hii, au inatutania?" Halafu unaivaa kichwani, unapotea. Nikafungua ya pili, upo. Ya tatu, upo na unatafuna.

Kumbe kila ulipowasha ulikuwa unachungulia hivyo. Na mimi miaka yote hizo sekunde nazikata, naziita takataka, halafu nafuta kadi tuende nayo kazi nyingine.

Mama nimemwonyesha. Kagusa kioo, kasema, "Ndiye huyu. Hata mswaki hajapiga." Tukacheka, kisha tukashindwa kuendelea kucheka.

Kadi sikuifuta. Mama kaifunga kwenye upindo wa kanga yake.

Harusi ya watu nimeimaliza, na uso wako nimeuacha mwanzoni. Bwana harusi kaniuliza huyu nani tena, katujazia kioo. Nikamwambia huyu ndiye aliyewaona nyinyi wote.

Haya ndugu yangu, pumzika, Mungu akupokee vizuri. Kamera sasa navaa mimi. Kila nikiwasha nitaigeuza kwanza niichungulie taa, jicho moja nimefumba. Na hapo mwanzo, Sele, sikati tena.

Mwenzio wa dukani