Mjane Wetu wa Meli ya Angani

Salma, mjukuu wangu,

Wewe una moyo gani? Eda yako imekwisha tangu kabla ya Ramadhani, nikasema haya, Mfunguo Mosi, Idi ikifika, atakuja. Hukuja. Nikasema Mfunguo Tatu hawezi kukosa. Sikukuu ikapita, nyama nikaigawa kwa majirani, wewe hata kivuli. Kila anayetoka Maskati namuuliza, Salma hajambo? Ananambia hajambo, anakusalimu. Salamu nizifanyie nini mimi? Salamu hazinywi chai. Salamu hazinikuni mgongo.

Anayeiandika barua hii ni Bi Mwanaidi, mwalimu wa nyumba ya pili, maana unajua mimi skuli sikupelekwa. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe. Na bahasha sikuitia gundi. Atakayekuletea akitaka kuisoma ndani ya ndege, aisome. Huenda na yeye ana mtu wake aliyejifungia mahali.

Sasa kaa, nikwambie nnachokikumbuka.

Babu yako alipofariki wakanikalisha eda chumba cha juu. Nguo nyeupe mwilini, udi hakuna, wanja hakuna, na mguu hautoki nje ya mlango mpaka siku zangu ziishe. Mama yako ana kazi, akakuleta wewe unikalie. Ulikuwa umemaliza mitihani unasubiri majibu. Ukapanda ngazi na kibegi kidogo cha nguo na sanduku kubwa la mawaya. Nikakuuliza, "Hiyo nini, unakuja kuchomea vyuma?" Ukanambia, "Gemu, Bibi. Naunganisha na televisheni." Nikakupa kisogo.

Siku za mwanzo ulicheza sauti umeifunga, kwa kuuheshimu msiba. Mimi nimelala, uso nimeupa ukuta. Siku moja nikageuka nikamwona mwanamke mle ndani ya televisheni, amepiga magoti mbele ya mtu aliyelazwa sakafuni.

"Huyo ana nini?"

"Mumewe amekufa, Bibi."

Nikakaa kitako. Tokea saa ile hukupata tena kucheza peke yako.

Ukanieleza kisa chote. Kumbe ni watu wa dunia wamehama, wamepakiwa kwenye meli, na meli si ya baharini, inakwenda angani, inatafuta nyota ya kukaa. Safari ndefu hata wamelazwa usingizi ndani ya visanduku vya kioo, hawali, hawazeeki. Nikasema hayo majeneza, ukasema hapana Bibi, hivyo vitanda. Nahodha kafa ghafla, mitambo inazimika mmoja mmoja, na aliyeamka ni mkewe tu. Maneno yote ya Kizungu, wewe unanifasiria. Jina lake lilinishinda, nikamwita Mjane. Na gemu lile lilikuwa na jambo moja lililonikamata: mtu akisema neno, linangoja wewe uchague jibu, na jibu lako ndilo linaloigeuza hadithi. Vidole vikawa vyako, majibu yangu.

Kisha ukataka kumtoa nje.

"Unampeleka wapi huyo?"

"Kuna mtambo umevunjika nje ya meli. Anakwenda kuutengeneza."

"Mumewe hata hajapoa! Huyo yumo edani."

Ukacheka mpaka kile kidude cha kuchezea kikakuponyoka. "Bibi, huyu si Muislamu."

"Hata! Mume ni mume. Hana ndugu wa kumtuma?"

"Wote wamelala."

"Waamshwe."

"Hawaamki mpaka mtambo upone. Asipotoka wanakufa wote, na watoto wamo."

Nikafikiri. Darsani tulifundishwa kuwa mjane mwenye haja ya lazima anaweza kutoka mchana, lakini usiku alale nyumbani kwake. Nikakwambia, "Basi hiyo dharura. Atoke, lakini arudi kulala."

"Arudi wapi, Bibi?"

"Melini. Pale alipofia mumewe."

Wallahi ukanitii. Gemu lenyewe lilikuruhusu uzime popote, hata huko nje juu ya mgongo wa meli, na wewe hukuzima hata mara moja kabla hujamrejesha chumbani kwake. Taa za nyumba zikianza kupepesa kwamba umeme unataka kwenda zake, unapiga kelele, "Bibi, niombee dua!" huku unamkimbiza yule mwanamke na nguo yake nzito kama godoro, na mimi kitandani nimejishika kichwa. Akiingia mlangoni na mlango ukajifunga, tunapumua sote watatu.

Bi Khadija wa chini alipopanda kunipa pole akasimama kizingitini. "Mjane na televisheni! Wapi na wapi?"

Nikamwambia, "Kaa unyamaze. Mwenzangu huyu eda yake nzito kuliko yangu."

Akakaa. Adhuhuri ikaadhiniwa bado yupo. Kesho yake alikuja wewe hata mswaki hujapiga, anauliza ngazini, "Yule bibi kautengeneza ule mtambo?"

Sasa nakuja pale pagumu, na wewe unapajua.

Meli ile ilikuwa na sauti yake, ikisema peke yake kama redio. Siku moja ikamwambia Mjane: ninayo maneno yote aliyowahi kuyasema mumeo humu ndani. Unataka niwe nakusemesha kwa sauti yake? Gemu likangoja. Ukanigeukia, na nilikiona kidole chako kinakwenda kwenye hapana.

"Ndiyo," nikasema.

"Bibi..."

"Nshasema ndiyo."

Ikamsemesha. Mjane akakaa juu ya kitanda chake akisikiliza. Kesho ukaniuliza, "Tumtoe?" nikakwambia mwache. Keshokutwa vile vile. Mitambo inazimika huko, taa za vile vitanda vya kioo zinageuka nyekundu, na mimi nasema mwache. Hukunigombeza, Salma. Unaniwashia, unakwenda jikoni kukuna nazi, unaniacha namsikiliza mwanamme wa watu akisema lugha nisiyoijua. Ukirudi unafasiri. Anamshukuru kwa chai. Anamwambia amependeza. Anamwambia apumzike.

Mpaka siku ile nikakuuliza, "Hagombi?"

"Nani?"

"Huyo mume. Tangu tumwashe, hajagomba?"

Ukafikiri. "Hajagomba, Bibi."

"Basi huyo si mume, hiyo redio."

Babu yako, Mungu amrehemu, chai ikipoa kidogo mtaa mzima ulijua. Aligomba chumvi, aligomba mlio wa cherehani yangu, aligomba paka ambaye hata hakuwa wetu. Kisha nikilala anakuja polepole kunifunika miguu, na asubuhi ukimwambia anakataa kata kata kwamba si yeye. Huyo ndiye niliyempenda, na kelele zake zote. Yule wa kwenye mashine alikuwa mpole mpole tu, mtu asiyekuwepo. Nikaanza kulia. Mazikoni nililia kama watu wanavyolia. Siku ile nililia kilio changu mwenyewe. Ukaja ukakaa nyuma yangu ukanikumbatia, kidevu chako begani kwangu. Nilipomaliza nikajipangusa kwa ile kanga nyeupe nikakwambia, "Mtoe. Mtoe mtoto wa watu akafanye kazi."

Na alifanya. Wengine walishakufa kwenye vile vitanda kwa sababu ya siku zetu zile, na wewe ulitaka kurudi nyuma tuanze upya waokoke. Nikakataa. Ndivyo ilivyokuwa, tuwaombee, twende mbele.

Meli ikatua. Nchi mpya, nyasi nyekundu, jua dogo kama kifungo cha shati. Watu wakaamka, kila mmoja anamtafuta wake. Mjane akashuka akatembea katika zile nyasi mpaka meli ikawa ndogo kule nyuma.

"Salma, mrudishe, jua linakuchwa."

Ukanishika mkono. "Bibi, leo harudi kulala melini."

Wiki ile ile na mimi siku zangu za eda zikaisha. Wewe ndiye uliyenikogesha, ukanitia wanja, ukanifukiza udi mpaka nikakohoa. Tukashuka ngazi. Mlangoni jua likanipiga usoni, mtaa nikauona mkubwa, nikakwambia turudi juu, tutatoka kesho. Ukasema, "Kesho ndiyo leo, Bibi, vaa viatu." Uso mkavu! Nikakuchukia hatua kama kumi hivi, na tangu siku ile nakuombea dua kila sala.

Sasa wewe.

Nassor wako amekufa ugenini na mimi sikuja kukukalia. Pasi ya kusafiria sina, magoti sina. Wakwe zako watu wema, nawashukuru, lakini najua hawakukaa nyuma yako wakakuwekea kidevu begani. Hili ndilo linalonikaba nikiweka kichwa kwenye mto. Mimi ulinipa siku zako zote zile, na wewe zako zilipokufika ulikuwa na kuta za watu tu.

Mama yako kanambia hutoki. Eda imekwisha na hutoki. Kanambia unakaa chumbani na simu, unasikiliza maneno aliyokuwa akikuachia marehemu alipokupigia asikupate. Kanambia kwa ghadhabu, anataka mimi nikukataze, kwa kuwa mimi unaniogopa. Mimi sikukatazi. Wewe kidole chako kilitaka hapana na ukaniachia ndiyo yangu mpaka mwenyewe nikaichoka. Isikilize hiyo sauti, mwanangu. Na najua yako si kama ile ya mashine. Yako ni yeye kweli, anakwambia anachelewa, anakuuliza funguo za gari umeziweka wapi, nadhani na kugomba anagomba, namjua Nassor. Iweke. Usimruhusu mtu aifute.

Lakini hiyo sauti haikuulizi leo umekula nini. Mimi nakuuliza. Umekula nini leo, Salma?

Umemwambia mama yako kuwa Unguja huiwezi, kila kichochoro ulipita naye. Kweli, ulipita naye, nilikuwa nakuoneni kutoka roshani mkijifanya mnakwenda dukani. Sitakulaghai kwamba haitauma. Mimi nimebaki nyumba hii hii na kitanda hiki hiki, na mpaka leo nikifika kwa yule muuza kahawa wake natazama upande wa pili. Ila napita.

Siogopi kufa kabla hujaja, hilo la Mungu. Nnachoogopa ni wewe kukizoea hicho chumba. Chumba kinazoeleka. Mimi nilikuwa nshaanza kukipenda changu, na lau si mtoto mmoja mwenye uso mkavu, leo ningekuwa nimo humo humo, na barua hii nisingekuwa na la kukwambia.

Basi sikiliza, na hili si ombi. Ukija, pitia Dar uchukue boti ya asubuhi. Ukishuka gatini, mjomba wako asikuletee gari. Mizigo mpe mchukuzi atangulie. Wewe tembea, tena njia ya Darajani, saa ile soko limejaa. Watu watakusimamisha, watakwambia pole mwanangu, tulisikia. Simama, uwape mkono mmoja mmoja, na ukitaka kulia lia hapo hapo kati ya samaki na ndizi, hakuna atakayekushangaa. Bi Khadija atakuwa barazani. Mwamkie, ukae naye kidogo, naye ana pole yake ameiweka muda mrefu. Kisha panda ngazi. Mimi sitashuka kukupokea, nitakuwa jikoni. Na usithubutu kunijia umeshakula.

Bibi yako mzaa mama, mwenye hasira na wewe na anayekungoja