Nywele za Malkia na Merikebu ya Mzee Saa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Chanuo (ndilo ninaloitikia, la kwenye kitambulisho afande ameshalinakili)
Umri: Miaka 44
Kazi: Msusi, mwenye saluni
Makazi: Vyumba vya nyuma ya saluni hiyo hiyo, pamoja na baba mkwe
Kuhusu: Malalamiko ya kuchukuliwa nywele bila ridhaa

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, ingawa mkuu wa zamu jana aliniuliza kuhusu hizo akili mara mbili. Konstebo anayeandika ameniomba niende taratibu nisirukeruke. Nitajitahidi. Lakini mimi ni msusi, vidole vikiwa havina kazi mdomo ndio unafanya.

Mshukiwa ni baba mkwe wangu. Mtaani anaitwa Mzee Saa kwa sababu alitengeneza saa maisha yake yote, mpaka watu walipoanza kutazama saa kwenye simu. Tangu aache kazi hiyo anaunda merikebu. Siyo za kupanda. Ni ndogo, za kuweka mezani, mfano wa zile merikebu za matanga za zamani, nyembamba na za mbio, zilizokuwa zikishindana kufikisha chai sokoni kabla meli za moshi hazijazipokonya kazi. Hii iliyopo kwenye kaunta yenu ina milingoti mitatu na urefu wa mkono wangu, kuanzia begani hadi ncha za vidole. Kila kitu ndani yake kimepunguzwa kwa kipimo kimoja. Usukani ni gurudumu la saa ya kike. Mnyororo wa nanga ni mkufu wa binti yangu uliokatika. Mbao za sitaha zilikuwa rula zake za shule, na hizo rula tulizitafuta nyumba nzima huku baba akitusaidia kutafuta.

Sasa kamba. Merikebu ya namna hiyo ina kamba kila mahali: za kushika milingoti, za kuvuta matanga, za kupandia mabaharia. Baba alianza na uzi wa cherehani, akaukataa. Aliniambia, "Mwanangu, uzi una manyoya. Ukiutazama kwa lenzi ni kama nimefunga merikebu kwa mkia wa paka." Akajaribu nailoni, nayo inang'aa na kulegea. Ndipo akafikia kwenye nywele. Nywele tatu zikisokotwa pamoja na kupakwa nta zinakuwa kamba safi, imara, nyembamba kama inavyotakiwa. Nyeusi ni za kushika milingoti, kwa sababu zamani kamba hizo zilipakwa lami. Za kuvuta matanga ni mvi zilizochovywa kwenye chai ya rangi. Tangu siku hiyo wateja wangu wenye mvi wanapokelewa kwetu kama mabalozi.

Kamba ya kwanza kabisa, ile inayoshuka kutoka ncha ya mlingoti wa kati kuja mbele, ni ya marehemu mama mkwe. Baba alizikuta nywele zake kwenye chanuo, mwaka mmoja baada ya kumzika. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitalirudia.

Nyingine zote niliziomba mimi. Huwa namuuliza mteja, naye hucheka na kukubali, na wapo wanaokuja kuuliza kamba yao imefika wapi. Kabla ya kuzitumia baba huzipima kwa kiberiti. Anachoma ncha kidogo. Unywele wa mtu unakuwa majivu, ukiyasugua yanapotea. Wa plastiki unajikunja, unayeyuka, unaacha kipunje kigumu. Za plastiki hazipandi merikebuni, zinatupwa.

Mlalamikaji ana duka la vitambaa mkabala na saluni yangu. Tunamwita Malkia, kwa ajili ya nywele zinazomfika mgongoni na vile anavyozirusha nyuma akiwa anakupimia kitambaa. Ni mteja wangu wa muda mrefu. Huja kabla sijafungua, nashusha pazia, anaondoka kabla mtaa haujachangamka.

Yanayofuata nayasema kwa ruhusa yake, aliyonipa leo asubuhi mbele ya konstebo. Bila hiyo mngenitia pingu na ningebaki kimya. Nywele za Malkia si zake. Ni za dukani, za plastiki, namshonea mimi. Zake zilikatika pembeni na utosini kwa kusukwa za kukaza miaka mingi, huko alikokuwa anasukwa kabla yangu. Nilimsihi aache kichwa kipumue. Jibu lake lilikuwa moja: "Mama Chanuo, wewe shona tu. Mengine niachie mwenyewe." Nikashona, nikanyamaza. Hata mume wangu hajui, na yule huwa namwambia mpaka bei ya vitunguu.

Mnamo tarehe 12 mwezi uliopita, majira ya saa moja asubuhi, nilimfumua Malkia nikamshonea mpya. Za zamani nilizisukumia kando kwa ufagio, nikaingia ndani kuchemsha maji. Malkia alikuwa ameshavuka barabara kwenda dukani kwake. Baba akapita, akaona vitu virefu vyeusi sakafuni, akainama na kibano chake cha saa akaanza kuokota. Hakuuliza ni za nani. Mzee huyu ana adabu zote, ila akiona unywele mrefu hana breki. Dirisha la Malkia linatazama langu. Alimwona, akalimeza jambo hilo moyoni.

Ikumbukwe kwamba nikifumua zile za dukani, chache za kichwani mwake hutoka nazo. Hizo ndizo zilizomtia hofu. Kila alipojitazama kwenye kioo akaona paji limezidi kupanda, alimfikiria mzee na kibano chake. Haya yote sikuyajua wakati huo.

Mnamo Jumatatu tarehe 3 mwezi huu, saa nne asubuhi, Malkia alikuja kwetu kumletea baba vipande vya kitambaa chepesi cha matanga alivyoagiza dukani kwake. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona merikebu. Akainama kuitazama, akauliza, "Mzee, hizi kamba umezitoa wapi?" Baba akajibu kwa fahari kabisa, "Ni nywele za wateja wa mkwe wangu." Mtu mwingine angesema ni nyuzi.

Malkia alipiga ukelele uliowatoa watu mpaka ndani kwa kinyozi. "Nywele zangu! Ndiyo maana! Anazifanyia mambo huyu!" Watu wakajaa. Wakaanza kudai na wao zao zimo, hata fundi viatu, ambaye kichwa chake hakijaota kitu tangu nimjue. Polisi walipofika walisema watamchukua baba kwa usalama wake, pamoja na merikebu kama kielelezo. Baba hakuogopa pingu. Aliogopa mlango. Alisisitiza kuibeba mwenyewe, na konstebo huyu anayeandika alitangulia mbele akiwafukuza watu: "Pisheni! Milingoti!" Andika na hilo, afande, hata kama ni wewe.

Nilikuja kituoni Jumanne tarehe 4, saa tatu asubuhi, nikiwa na chai ya baba kwenye chupa na roho ikiwa juu. Nilimkuta amekaa nyuma ya kaunta, si mahabusu, na askari watatu wamemzunguka. Mmoja alikuwa na lenzi jichoni. Konstebo alikuwa anamweleza mwenzake kwamba ule mti unaolala juu ya mlingoti unaitwa foromali na kwamba yeyote atakayeugusa atamjua yeye ni nani. Nikajipa moyo.

Saa nne mkuu wa zamu akatuita sote. Malkia alikuwepo, na nywele zake zilikuwa zimechanwa kuliko siku zote. Alitaka nywele zake zichomolewe zote, apewe mkononi, akazichome moto mwenyewe. Mkuu akamuuliza ni zipi. Akasema, "Zote hizo nyeusi ndefu." Angesema nini kingine, mbele ya watu wanaomwita Malkia?

Mkuu akanigeukia. "Wewe ndiye msusi wake. Zimo au hazimo?"

Nikasema, "Hazimo."

"Umejuaje?"

"Najua, afande."

"Nataka sababu."

Sababu nilikuwa nayo ulimini. Nilimwangalia baba, nikaangalia ile kamba ya mama. Kamba hizo zinategemeana, ukikata moja mlingoti unaegemea, na mlingoti ukiegemea unaondoka na kazi ya miezi. Nikamwangalia Malkia. Macho yake yalikuwa yananiomba. Nikasema, "Sababu sina." Mkuu akafungua droo akatoa mkasi.

Hapo ndipo konstebo, kwa nia njema kabisa, akasema amepata njia. Mzee alikuwa amemfundisha asubuhi habari ya kiberiti. "Mkuu, ni rahisi. Tuchukue unywele mmoja kichwani kwa mlalamikaji na mmoja merikebuni, tuchome, tulinganishe!" Kila mtu akafurahi. Askari wawili wakatoa viberiti kwa pamoja. Mkono wa Malkia ukapanda kichwani, ukabaki hapo.

Baba akasimama. "Hapana," akasema. "Msichome kitu. Kata, afande."

Mkuu akashangaa. "Nikate?"

"Kata zote nyeusi. Mpe mama wa watu, aende akapumzike."

Mimi nililia. Nililia kwa sauti, na sitaki liandikwe kwa lugha nyingine. Mkuu akausogeza mkasi kwenye mlingoti wa kati. Konstebo aligeukia ukutani. Malkia alikuwa anamwangalia baba, na baba alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia viatu vyake, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha wenyewe kwa bahati mbaya. Ndipo Malkia akaelewa kwamba mzee anajua.

"Ngoja!" akasema. Akaushika mkasi kwa mkono, ungali wazi. "Nafuta malalamiko. Nilikosea."

Mkuu akauliza sababu. Malkia akamjibu, "Nimeshasema nilikosea. Unataka nikuandikie shairi?" Baba akaachiwa. Merikebu ikabaki mpaka yaandikwe maelezo.

Njiani kurudi nilimuuliza baba kama alijua. Akasema, "Nilizichoma siku ile ile. Ziliyeyuka zote." Nikamuuliza kwa nini hakusema neno moja tu, jambo likaisha. Akasema, "Mama yenu alipougua nywele zikamtoka, alifunga kitambaa hata tukiwa wawili tu chumbani. Miaka yote ile ya ndoa, na bado alinificha. Merikebu naweza kuianza upya." Nimeolewa katika nyumba ile miaka ishirini, na siku hiyo ndiyo nilijua mume wangu amezaliwa na nani.

Siku hiyo hiyo, saa kumi jioni, Malkia aliingia saluni kwa mlango wa mbele. Nilikwenda kushusha pazia. Akasema, "Liache." Akakaa kwenye kiti cha dirishani, kile ambacho hajawahi kukikalia. "Fumua zote."

Nikafumua. Chini yake palikuwa na nywele zake, laini, pembeni zinachipua na katikati zimefika urefu wa kidole ukizinyoosha. Alijigeuza kushoto na kulia mbele ya kioo. Kisha akasema, "Nimefanana na kaka yangu. Yule mwenye masikio." Akaanza kucheka, nami nikashindwa kujizuia, tukacheka mpaka chanuo likanidondoka.

Nilikuwa namsawazisha za katikati baba alipokohoa mlangoni. Huwa haingii nikiwa na mteja. Malkia akaokota nywele zake kwenye taulo akamnyooshea. "Mzee, hizi je?"

Baba akaweka lenzi jichoni. Akatoa kiberiti, huyu mzee, mbele ya mwenye nywele, akachoma ncha. Akasugua vidole. Majivu.

"Ni fupi," akasema. Uso wa Malkia ukaanza kuanguka. "Lakini ni za kweli. Na kuna kamba moja fupi ambayo sijaifunga bado. Ya bendera."

Leo Jumatano Malkia amefungua duka kichwa wazi. Mteja wa kwanza alimwita Malkia kama kawaida, akapunguziwa bei. Saa tatu tulikuja naye hapa, akanipa ruhusa niliyoitaja, akakaa kwenye benchi. Bado yupo, namsikia akimfundisha askari wa lango kuchagua kitambaa cha pazia.

Sidai fidia na baba hadai kitu. Tunaomba merikebu yetu. Yangu yanaishia hapo. Nimesomewa, ni yangu yote, na pale niliposema nililia nimekataa pafutwe.

(Sahihi) Mama Chanuo

Kumbukumbu ya mwandishi: Mimi, konstebo wa kaunta, nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, akakubali. Suala la milingoti wakati wa ukamataji nimeliacha humo kwa sababu ni kweli. Malkia amefuta malalamiko na faili limefungwa. Merikebu imerudishwa kwa Mzee Saa saa nane mchana ikiwa nzima. Kabla ya kuondoka mzee aliomba nafasi mezani na mkuu wa zamu akamshikia taa. Ilifungwa kamba ya bendera. Aliyeipandisha bendera ni Malkia, kwa kibano. Kamba imeshika.