Shangazi, Meno Niliyomtengenezea Bibi Yamemfukuza Mumewe

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Naomba unisaidie, maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi, na jambo lenyewe nikiwaambia wanafunzi wenzangu watanicheka mpaka nimalize masomo, kwa hiyo nakuandikia wewe ambaye hunijui sura.

Mimi ni msichana, nasomea udaktari wa meno na niko mwaka wa mwisho. Mwaka huu tunapelekwa kwenye makao ya wazee kujifunza kuwatunza vinywa vyao, na kila mwanafunzi anapewa mzee mmoja wa kumtengenezea meno bandia tangu mwanzo hadi mwisho, nami nikapewa bibi mmoja ambaye kinywani hana jino hata la dawa, anakaa chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha linaloingiza jua mchana kutwa, na ukiingia humo, Shangazi, usingizi unakunyemelea hata kama umelala vizuri, kila kitu ni cheupe na kimya, pazia linapanda na kushuka polepole, na yeye yuko kwenye kiti chake anaongea nusu na wewe na nusu na mtu mwingine. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akasema, "Haya, mke mwenzangu, karibu. Lakini ujue mzee ni wangu." Nikampenda papo hapo.

Mzee ni mumewe, ambaye alishafariki zamani. Alikuwa fundi wa reli, na bibi anasema bado humjia usingizini, si kila siku, ila huja na kofia yake ya kazini kichwani, anaketi ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa, anamsimulia habari za huko aliko, kwamba nako kuna foleni, kwamba na huko treni zinachelewa, na bibi anasikiliza tu. Hamjibu. Tangu meno yamtoke anaona aibu, kwa hiyo mzee akiongea yeye hufunika mdomo kwa mkono na kutikisa kichwa. "Miaka yote hiyo namjibu kwa kichwa kama mjusi," aliniambia. "Nitengenezee meno nimjibu mume wangu."

Sasa Shangazi, ni mwanafunzi gani anapewa kazi kama hiyo? Wazee wa wenzangu walitaka kutafuna nyama basi. Mimi nilichukua vipimo vya taya zake, nikapanga meno kwenye nta moja baada ya jingine, nikitembea barabarani nayaona, nikifumba macho nayaona, safu nyeupe imenyooka kama ya msichana kwenye tangazo la dawa ya meno. Bibi alisema niache mwanya pale mbele, eti alikuwa nao tangu usichana, lakini mwalimu wetu anapenda meno yaliyobanana sawasawa na mimi nilitaka kazi yangu iwe nzuri kuliko zote, nikamwambia, "Bibi, haya ndiyo ya kisasa." Siku ya kuyajaribu, yakiwa bado kwenye nta, nikampa kioo. Alijitazama muda mrefu sana, akageuza uso huku na huku, halafu akauliza, "Mazuri. Ya nani?" Tukacheka wote, hata mwalimu, nikapewa alama za juu, na meno yakamaliziwa maabara.

Niliporudi kumwangalia nikakuta meno yamo kwenye kikombe dirishani, mchana kweupe, na yeye anakunywa supu kwa fizi. Nikadhani yanambana. Nikamchungulia kinywani, kaakaa lote jekundu, lina utando mweupe, na kidonda kwenye ufizi wa chini. Nikajua mara moja kwamba analala nayo. Na hilo tuliwafundisha ukumbini, Shangazi, nilisimama mimi mwenyewe na taya la plastiki mkononi, nikasema meno haya huvaliwa mchana, usiku unayavua, unayasugua kwa brashi na sabuni, unayalaza kwenye maji safi ili fizi zipumzike, la sivyo fangasi wanafanya makazi humo. Bibi alikuwa kiti cha mbele kabisa, akapiga makofi. Sasa anafanya kinyume chake, mchana anayaweka na usiku anayavaa.

Nilipomuuliza aligeukia dirisha, pazia likapanda na kushuka, ndipo akasema, "Mzee alikuja usiku ule ule wa kwanza. Mimi nimejiandaa, nimeketi, nina meno. Akafungua mlango nikamchekea. Akavua kofia, akasema, 'Samahani sana mama, nimekosea mlango.' Akaufunga taratibu. Hajarudi tena."

"Sasa mbona bado unayavaa?"

"Akipita tena anikute ninayo. Huenda akayazoea."

Nikamwambia kwa upole kwamba ni lazima ayavue, kinywa kitaharibika. Akanitazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza, akasema, "Mke mwenzangu, umeshanifukuzia mume. Sasa unataka hata nisimngoje?"

Nilitoka nikaketi kwenye ngazi nikalia. Matroni wa pale, mama mwema ila hana mchezo, anasema dawa yake ni rahisi, kila jioni atamchukulia meno ayafungie kwenye kabati la dawa. Wiki ijayo mwalimu anakuja kukagua kinywa cha bibi. Na mimi tangu siku ile namwota mzee huyo nisiyemjua, anasimama mlangoni kwangu kofia mkononi, ananiulizia njia, nami nafungua mdomo sauti haitoki. Nikubali meno yafungiwe? Au nimwache alale nayo, maana kinywa ni chake na mume ni wake? Au nimdanganye kwamba yameharibika? Niambie, Shangazi, maana nikifikiria kwamba nimewatenganisha watu wawili waliokuwa wanaonana, sina raha.

Ni mimi, Mke Mwenza

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikatamani kukuvuta sikio.

Kwanza tuelewane. Mimi mwenyewe nina meno bandia, ya juu yote, na wakati huu nakuandikia yamo kwenye glasi hapa pembeni yananitazama. Kwa hiyo usidhani unazungumza na mtu wa kuambiwa.

Jibu unalo, umeliandika kwa mkono wako halafu ukalipita mbio. Bibi alikuomba mwanya. Hukuombwa urembo, uliombwa uso wake, ule aliokuwa nao mzee alipomchumbia. Wewe ukachukua uso wa kwenye tangazo ukambandika, kwa sababu mwalimu anapenda. Alipojitazama kwenye kioo akauliza "Ya nani?" alikuwa anauliza kweli, mwanangu. Meno yalikuwa bado kwenye nta, ungeweza kuyasogeza kwa kidole. Mkacheka, ukapokea alama. Sasa mzee wa watu kafungua mlango kakuta mke wa mtu, mwenye adabu zake kaomba radhi kaondoka. Wewe ulitaka afanye nini?

Najua hukukusudia, na machozi yako ya kwenye ngazi nayaamini. Wangapi wanaolilia ndoto ya mzee asiye ndugu yao? Una moyo wa kazi hii. Kilichokukosesha ni kumaliza kusikiliza kabla hajamaliza kusema.

Matroni mshukuru, umwambie kabati abaki nalo la dawa. Mtu mzima hafungiwi meno yake kama peremende za watoto. Kumdanganya pia usithubutu, hao watu wa chumba cha mwisho wanajua uongo unavyonukia. Na kumwacha alale nayo hapana, hapana kabisa. Wewe unajua kuliko mimi: bibi akiumwa kinywa anaacha kula, akiacha kula anaisha nguvu, na akiisha nguvu tutakuwa na wawili kwenye hiyo foleni ya huko.

Usingoje ukaguzi. Nenda kwa mwalimu wako kesho, wewe mwenyewe kwa miguu yako, umwambie mgonjwa wangu kaumia na kosa moja ni langu. Omba dawa ya fangasi, meno yakae pembeni hadi kidonda kifunge, na bibi apewe vyakula laini wakati huo. Kisha safu ya mbele ipangwe upya. Safari hii mkalishe bibi na kioo, umpe na nta, akuonyeshe kwa kucha yake mwanya ulikuwa mpana kiasi gani, na usiondoke pale mpaka ajitazame bila kuuliza ni ya nani. Mwalimu akikukata alama, mwache azikate. Nina hakika hatakata, lakini hata akikata, utakuwa umejifunza jambo asilolifundisha yeye.

Haya, sasa tuje kwenye usiku, maana hapo nyote wawili mmesahau kitu, na anayekumbuka ni marehemu peke yake. Miaka yote hiyo bibi akiwa hana jino, mzee alikuwa anaingia mlango gani? Huo huo. Kofia kichwani, moja kwa moja mpaka ukingoni mwa kitanda, bila hodi. Hakukosea hata mara moja. Kakosea siku aliyokuta meno, na siku hiyo ndiyo akavua kofia, maana mtu anavua kofia kwa mgeni. Huyo mwanamume fizi anazijua, na hazijawahi kumsumbua. Aliyekuwa akizionea aibu ni bibi.

Kwa hiyo rudi kule mchana, jua likiwa limejaa chumbani. Ushike ule mkono anaoufunikia mdomo, umwambie taratibu: bibi, meno yako yenye mwanya ni ya mchana, ya kutuchekea sisi tulio hai. Ukienda kulala yavue, yasugue, yalaze kwenye maji. Halafu na mkono ushushe. Akija, mjibu. Mjibu hivyo hivyo kwa fizi, maneno yakitoka na upepo mwache acheke, ni mumeo.

Nawe mwanangu, akikutokea tena mlangoni kwako kofia mkononi, usishtuke. Sauti itatoka. Mwelekeze chumba cha mwisho kwenye korido, na umwambie avae kofia yake, anakwenda kwa mkewe.