Sauti ya Baba Mkwe Imo Kisandukuni, na Mimi Ndiye Niliyechomoa Waya

Mpendwa mshauri Pauline, naomba msaada kabla kidole changu hakijamaliza kazi ambayo mkono wangu ulianza.

Mimi ni mke wa mtu, tunaishi hapa Machakos mjini na wazazi wa mume wangu, na baba mkwe alikuwa dalali wa ng'ombe soko la Tala, akiita bei unamsikia hadi barabarani, mpaka alipougua koo na madaktari wakalazimika kutoa kile kiungo cha sauti, na sasa haongei kabisa. Kabla ya upasuaji mume wangu Musembi alimrekodi jioni nyingi, akisimulia, akiimba, akiwaita wajukuu kwa majina na kuwabariki, na yote akayaweka kwenye kile kisanduku cha diski mbili kilicho kando ya TV, ambacho simu zetu zote hufungua kupitia Wi-Fi. Tukimaliza kula mzee huwekewa sauti yake, akasikiliza amefumba macho.

Sasa mimi nafuga kuku, na soketi za pale zimejaa, kwa hivyo nikitaka kuwasha mashine ya kuangua vifaranga nilikuwa nachomoa waya wa kisanduku bila kukizima, nikidhani ni kama redio tu, mpaka wiki iliyopita taa yake ikawa rangi ya machungwa na simu ikaniandikia kwamba mfumo wa mafaili una makosa, na majina mengine ya rekodi yamegeuka alama zisizosomeka. Ngui, binamu ya mume wangu anayetengeneza simu mjini, alikuja akabonyeza pa kurekebisha, rekodi zingine zikatoweka, na bado anasema, "Shemeji, wacha uoga. Tufomati hii kitu, nitarudisha kila kitu na programu yangu." Musembi yuko Garissa kikazi, anarudi Jumamosi, na mzee kila jioni ananyooshea kisanduku kidole, nami namtuma mama mkwe amwambie stima ina shida, kwa sababu kwetu mke wa mtoto haongei na baba mkwe ovyo, kuna nthoni, ile heshima ya ukwe. Situlii, hata nikipika natoka kuchungulia ile taa. Je, nimruhusu Ngui afomati kabla bwana hajafika?

Kavindu, Machakos


Kavindu, toa kidole hapo.

Pole, nakuhurumia, ila lazima nikugombeze. Kuchomoa waya wa kitu kinachoandika data ndani yake ni kumpokonya mtu kalamu katikati ya neno. Na Ngui mwambie asante, chai anywe, lakini kisanduku asikiguse tena. Amebonyeza mara moja na rekodi zikapotea, sasa anataka kufuta zilizobaki ndiyo azitafute?

Kizime leo, kwa menyu yake. Diski zikitolewa, kila moja iandikwe ilikaa upande gani. Halafu tafuta fundi wa kurejesha data na umwulize ataanza na nini. Akisema kurekebisha, mshukuru uende zako. Akisema atanakili diski zote mbili kwanza, kisha ahangaike na nakala, huyo mwachie. Zilizotoweka huenda bado zimo, mradi hakuna kipya kilichoandikwa juu yake, lakini siwezi kukuahidi. Na usijidanganye kwamba diski mbili ni akiba, maana kosa likiingia ya kwanza linaingia na ya pili. Vifaranga vitafutie soketi kwingine.

Mpigie Musembi leo hii. Jumamosi unaingojea ya nini? Huenda simu au kompyuta aliyorekodia bado ina baadhi, na wewe unajitesa bure.

Lakini kinachonikera zaidi si waya. Umeniandikia habari za mume, za mama mkwe, za Ngui, na mwenye sauti hakuna aliyemwambia neno la kweli. Nthoni naijua, mimi pia nimeolewa Ukambani. Inakukataza utovu wa adabu, haikukutuma umdanganye mzee kupitia kwa mke wake. Jioni hii kaa na mama mkwe, mzee akiwa hapo hapo, mweleze mama kila kitu, na useme kwa sauti ya kusikika.

Mzee alipoipoteza sauti yake mara ya kwanza, daktari alikaa naye akamwambia kabla. Usimwache aipoteze mara ya pili akidhani ni stima.