Wiki Niliyohesabu Maji Mafu

Chumbageni,
Tanga.
15 Septemba 1996

Mpendwa Mjomba Shaib,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Kwanza mgongo, unaendeleaje? Ulituandikia kwamba joto la Maskati halikuachii hata usingizi wa mchana, basi kila tukikaa barazani tunakuonea huruma. Sisi huku hatujambo. Mama kikohozi kimemwacha, sasa anashona upya mashati ya mitumba na kutwa anaimba. Tanga imejaa vitu, Mjomba! Sabuni zile tulizozipangia foleni nikiwa mdogo, leo zinatembezwa mlangoni mpaka unachoka kusema hapana.

Nije kwenye lile jambo lako. Mwezi ujao chuo kinafunguliwa, nami naingia mwaka wa pili. Uchumi peke yake hautoshi, ni lazima kila mmoja achague somo la pili la kwenda nalo mpaka shahada. Wewe ulisema Takwimu, nipate ofisi yenye feni Dar es Salaam, nisirudi tena kukanyaga tope la Tongoni. Ukaniletea na kikokotoo. Nakipenda, nalala nacho chini ya mto. Na Takwimu nilikuwa nimeshaiandika kwenye fomu, kwa penseli.

Lakini unanijua nilivyo. Mwili darasani, roho imeshatoka dirishani. Mwalimu akichora mistari yake ya bei ubaoni, mimi naona kamba za mwani zinavyolala majini, na vichwa vya wanawake vimeinama juu yake. Nikija kushtuka, ubao umeshafutwa.

Mwalimu wetu mmoja alitupa kazi ya likizo, tukahesabu watu wa kwetu wanafanya kazi siku ngapi kwa wiki. Nikaenda Tongoni kwa Bibi Mwanasiti, maana siku hizi wanawake wa kule wanapanda mwani na kuuza. Nikahesabu Jumatatu ya tarehe 2 mpaka Jumapili ya tarehe 8, daftari mkononi, kikokotoo mfukoni, najiona bingwa. Walioshuka pwani walikuwa wachache, tena siku mbili tu. Waliobaki wanasuka ukili na kupiga soga. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba wanawake hawa hufanya kazi siku mbili kwa wiki, na wahimizwe wajitume.

Jioni nikawasomea. Nilidhani watanisifu!

Bibi alicheka mpaka kanga ikamdondoka. "Kwani wewe mtoto wa bara, wa Korogwe? Wiki nzima hii maji mafu, bahari haikauki. Tukapande mwani kitandani?"

Wenzake wakapokea kicheko, na mpaka leo naitwa Bi Kuhimiza. Wiki iliyofuata mwezi ukaandama, likaingia bamvua, maji yakatoka mbali. Nikashuka nao. Asubuhi mpaka adhuhuri tumeinama, tunafunga miche kwenye kamba, kila siku, hakuna cha Ijumaa. Nyayo zilichubuka, kiuno kikakataa. Bibi na umri wake hakusema hata ah. Niliona haya, Mjomba, haya ya kweli. Jedwali langu halikuwa na kosa hata moja la hesabu, na lote lilikuwa uongo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Kabla hujasafiri, nikiwa na miaka sita, ulikuwa unaniketisha kwenye kizingiti cha Bibi unanihesabisha kwa vidole, mwezi mwandamo bamvua, mwezi nusu maji mafu, mwezi mpevu bamvua tena. Nikikosea ulinifinya sikio. Nimesoma mwaka mmoja tu, yote nikayasahau, nikawaita bibi zangu wavivu.

Basi nilipofika nyumbani jana nilikaa na ile fomu muda mrefu, nikaota ndoto zangu za mchana. Najiona nazunguka pwani yote hii mpaka Pemba, najua mwezi uko wapi na maji yako wapi kabla sijafungua daftari la bei. Nikafuta Takwimu. Nikaandika Jiografia, kwa wino. Leo asubuhi nimeitumbukiza kwenye sanduku la posta.

Sikukungoja, na hilo linanitia hofu kuliko mtihani wowote. Wewe ndiye uliyenisomesha tangu baba afariki, na sijapata kukukaidi. Ukasirike, una haki, nitumie hata barua ya matusi. Ila usininyime radhi yako, maana bila hiyo hata nikisoma sitaelewa kitu. Kikokotoo sikirudishi, Mjomba. Hesabu bado ninazihitaji.

Mama anakusalimu sana. Mdogo wangu Rama anauliza viatu vyake vya mpira. Bibi anasema, mwanawe uje akuone angali ana macho. Nisalimie mkeo Suhaila na watoto wote. Mungu akuondolee maumivu na akurudishe kwetu kwa heri.

Barua zetu huchukua siku kumi na mbili kukufikia, kwa hiyo hii itakukuta mwezi mpevu. Usiku huo toka nje uutazame, kisha uhesabu kwa vidole. Utajua kesho yake asubuhi mama yako yuko wapi.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukuogopa,
Najat